Kulikata Gari la Breki

Mpaka saa nne ya usiku Mama Cheche alikuwa ameshashona pindo moja mara tatu na kulifumua mara tatu. Pindo halikuwa na kasoro. Mikono ilitafuta kazi tu, ili macho yasiende kwenye simu iliyokuwa inachajiwa kwenye ukingo wa dirisha, kimya kama mtu aliyekula kiapo.

Binti yake alikuwa ameondoka alfajiri kwenda karakana, na mlangoni aliacha maneno haya: "Leo nakata shauri, Mama. Nikishakata nitakwambia."

Shauri lenyewe lilikuwa la gari la Mwalimu Breki. Litengenezwe, au liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu?

Breki alikuwa mwalimu wa udereva. Jina alilopewa na wazazi wake mtaa ulishalisahau, na yeye mwenyewe aliitikia hili la pili bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amekaa kwenye kiti cha kushoto cha gari moja jeupe, mguu ukiwa juu ya breki yake ya ziada, akipiga kelele neno hilo hilo moja. Muuza dawa alijifunzia humo. Nesi wa zahanati alijifunzia humo. Dereva wa lori la taka alijifunzia humo, na mpaka leo akisikia mtu anapaza sauti nyuma yake mguu wake wa kulia unaruka wenyewe. Mama Cheche naye aliwahi kujaribu, somo moja. Aliligonga pipa la taka, akaishia nalo mtaroni, akashuka, akarudi kwenye cherehani yake. "Hii nayo ina kanyagio," alisema, "lakini angalau haiendi popote."

Sasa gari lilikuwa limeliwa na kutu. Mkaguzi wa magari aliligonga chini ya mlango kwa ncha ya kiatu tu, vumbi jekundu likamwagika kama unga kwenye gunia lililotoboka, akafunga daftari lake palepale. Breki akalizungusha kwa mafundi. Wa kwanza alipitisha kidole sakafuni, kikatokea upande wa pili. Wa pili alikataa kulipandisha kwa jaki, eti litakunjika katikati kama mkate mkavu. Wa tatu alicheka mpaka akakaa chini. Wote watatu walimaliza kwa neno moja: "Kata."

Kukata, kwa maneno ya mtaa, ni kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, gari likatwe vipande, vipande vipimwe, habari iishe. Kwa wiki mbili neno hilo lilizunguka mtaani kama kuku asiye na mwenyewe. Je, Breki ameshakata? Likatwe tu, linasubiri nini? Mzee wa watu anang'ang'ania maiti.

Ndipo Breki akalipeleka kwa Cheche.

Hapo ndipo usingizi wa Mama Cheche ulipokatika. Binti yake alikuwa na miezi mitano tu tangu afungue karakana yake mwenyewe, chumba kimoja cha mabati chenye uwanja mdogo mbele, jirani na kiwanda cha mbao. Mpaka siku hiyo alikuwa ameletewa mageti, vitanda vya chuma na bampa moja. Hili lilikuwa gari lake la kwanza zima, na mtaa mzima ulikuwa unalitazama. Akisema linatengenezeka, kisha siku moja lipasuke barabarani na mwanafunzi ndani, jina lake la ufundi limezikwa, na pengine mtu pia. Akisema halitengenezeki, watasema, si tulijua, huyo ni wa kuchomea mageti. Mama Cheche alizipima njia zote mbili, akaona zote zina miiba.

Alimlea peke yake binti huyu, cherehani ikiwa ndiyo baba wa nyumba. Akiwa na miaka sita mtoto aliifungua cherehani hiyo yote, skrubu moja moja, akaipanga sakafuni kwenye kanga, kisha akairudisha ikiwa inakwenda kwa sauti ndogo kuliko mwanzo. Skrubu moja ilibaki. Hadi leo iko kwenye kopo la vifungo, na cherehani haijawahi kuiulizia. Mama alitaka kumrithisha ushonaji. Mtoto alijifunza kupima, akajifunza kuchora, kwenye mkasi akawa na mkono ambao mama yake mwenyewe aliuonea wivu, lakini kifungo kilimshinda. Alisema uzi ni mlegevu, haumtii. Alitaka kitu ambacho ukikiunga kinaunganika.

Basi akaenda gereji kubwa kujifunza. Mwaka mzima wa kwanza wanaume walimpa msasa tu. Walimwita "bibi harusi" kwa kuwa kila jioni alitoka mweupe kwa vumbi la rangi. Baadaye alipopewa kuchomea, akawa anarudi nyumbani ovaroli limejaa matundu ya cheche za moto, mama akakaa akaliwekea viraka, kesho yake linarudi na matundu mapya pembeni mwa viraka. Jina likatoka hapo. Mama naye, aliyekuwa Mama tu, akawa Mama Cheche. Mafundi wawili nyumba moja, walisema majirani, na mlango wa choo chao bado unafungwa kwa kamba! Ilikuwa kweli.

Usiku huo Cheche alichelewa kwa sababu ya umeme. Mchana kiwanda cha mbao kikifanya kazi, umeme unarukaruka, mashine ya kuchomea inakata pumzi katikati. Kiwanda kikifunga, umeme unatulia, na ndipo fundi anapochoma mshono ulionyooka. Mlinzi wa kiwanda, mzee anayemwita mjukuu wangu, alikuwa hapo hapo ukutani. Haya yote Mama Cheche aliyajua. Kujua hakukumsaidia kitu.

Saa nane usiku simu ikatetemeka kwenye ukingo wa dirisha. Aliifikia kabla haijamaliza kutetemeka.

"Nimekata. Simu inazima. Lala Mama."

Alisoma mara mbili. Akapiga, simu ikawa haipatikani. Akakaa juu ya kitanda, miguu chini.

Basi limekatwa. Moyo ulishuka, kisha, jambo la ajabu, ukapanda kidogo. Binti yake hakumdanganya mtu. Wangapi wangejaza puti kwenye matundu, wakapaka rangi, wakakabidhi gari linameta juu na limeoza chini? Yeye amesema ukweli mchungu kwa mteja wake wa kwanza. Mama Cheche alijilaza na fahari hiyo ndogo, kama mtu anayejifunika shuka fupi. Ukivuta juu, miguu inabaki nje.

Asubuhi na mapema Breki alikuwa mlangoni. Alikuwa mwembamba, kofia mkononi, na uso ulikuwa wa mtu ambaye hakulala pia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Cheche. Samahani kukuamsha. Kuna neno lolote kutoka kwa fundi?"

Angeweza kusema, subiri umwone mwenyewe. Baadaye alijiuliza sana kwa nini hakusema hivyo. Lakini habari ilikuwa imemkaa kooni usiku kucha, na mzee alikuwa anamtazama mdomoni.

"Mwalimu, pole. Limekatwa."

Breki aliirudisha kofia kichwani, akaishusha tena. "Limekatwa," alisema. "Sawa." Akatazama barabara kama mtu anayesubiri taa zibadilike. "Basi nimwite Kilo aje achukue mabaki mapema, kabla watu hawajajaa. Sitaki wanafunzi wangu walione likiwa vipande."

Kilo alikuwa mnunuzi wa chuma chakavu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna kitu duniani alichokitazama bila kukikadiria uzito. Breki akampigia hapo hapo mlangoni. Mazungumzo hayakuchukua hata dakika moja.

Wakaenda karakana pamoja, Mama Cheche na kanga begani, Breki akitembea upande wa kushoto kama kawaida yake. Njiani alisema jambo moja tu: "Mlango wangu ule haujafunguka miaka miwili, unajua? Naingilia upande wa mwanafunzi, napanda juu ya gia kama mbuzi. Wananicheka. Nilijua kuna kitu. Nikawa napaka rangi tu."

"Mficha uchi hazai, mwalimu," alisema Mama Cheche kwa upole.

"Ndiyo. Nimezeeka na uchi wangu."

Walipofika uwanjani Kilo alikuwa ameshafika na lori lake dogo, mizani ikining'inia nyuma. Na gari lilikuwa pale, juu ya stendi nne. Viti vyote vilikuwa nje. Mazulia yalikuwa nje. Sakafu ilikuwa na mashimo manne makubwa yaliyokatwa kwa mraba, ukaona ardhi. Kando yake kulikuwa na rundo la mabati mekundu yaliyooza. Breki aliokota kipande kimoja, kikamvunjikia mkononi kama biskuti. Akakirudisha taratibu mahali pake, kana kwamba kuna mtu angeuliza.

"Naam," alisema Kilo, akizunguka gari huku akilikadiria kwa jicho. "Nusu ya kazi yangu imeshafanywa. Nashukuru. Niteremshe mitungi ya gesi nimalizie kukata?"

"Uteremshe ya nini?"

Sauti ilitoka chini ya gari. Kisha zikatoka buti, kisha ovaroli lenye viraka, kisha Cheche mzima, kinyago cha kuchomea kikiwa juu ya paji la uso, macho mekundu.

"Nani kamwita Kilo?"

Breki akamtazama Mama Cheche. Mama Cheche akaitazama kanga yake.

"Mama?"

"Si uliniandikia umekata?"

"Nimekata kutu!"

"Uliandika nimekata. Hukuandika kutu."

"Simu ilikuwa inazima, Mama! Nikuandikie barua?" Cheche alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe ukimwambia mteja umeshakata gauni lake, unamaanisha umelitupa jalalani?"

Miaka thelathini Mama Cheche alikuwa anasema neno hilo. Wateja wakija kuulizia nguo, anawaambia nimeshakata, tulia, na wao wanatulia, maana kwa fundi cherehani nguo ikikatwa ndiyo imezaliwa. Neno lake mwenyewe lilikuwa limemrudia usiku wa manane na hakulitambua. Lilikuja limevaa nguo za mtaa.

"Mkasi hauombi radhi," alinong'ona. Ndilo alilokuwa akimwambia binti yake utotoni, kila alipokata kabla ya kupima.

"Na ulimi pia," alisema Cheche. Lakini pembe ya mdomo wake ilikuwa imeanza kucheza, na Breki alipoona hivyo akatoa sauti ya ajabu, nusu kikohozi nusu kicheko.

Kilo peke yake hakucheka. "Samahani, dada fundi. Mimi nimechoma mafuta kuja hapa. Mwenye gari amenipa neno lake. Na mimi kwa macho yangu naona kapu, sioni gari. Nipe sababu ya kurudi na lori tupu."

Mama Cheche alirudi nyuma hatua moja. Neno lake moja lilikuwa limemleta mtu huyu. Gari likiondoka sasa, litaondoka kwa mdomo wake.

Cheche hakubishana. Alijifuta mikono, akamwita Breki karibu, na akaongea naye kama daktari anavyoongea na ndugu wa mgonjwa.

"Mwalimu, nisikilize. Jana kutwa nimelitoboatoboa kwa bisibisi na kuligonga lote kwa nyundo. Chuma kizima kinaimba. Kilichooza kinasema pwa, kama boga. Upande wa kulia unaimba wote. Ugonjwa uko kushoto na sakafuni, kwa sababu miaka yote unaliegesha kushoto kwenye mtaro wa maji. Huu mhimili wa chini ya milango, ndio uti wa mgongo. Ulikuwa umekwisha. Gari likalegea katikati, nguzo zikaubana mlango wako. Ndiyo maana haufunguki. Mlango hauna kosa."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo jana nimeliinua kidogo kidogo mpaka likanyooka, nikalifunga mabomba ndani lisirudi, nikakata kila kilichooza mpaka nikafika kwenye chuma kizima. Mhimili wa kushoto nimeuchoma usiku, wote, mpya. Kama utalibeba gari, hilo ndilo lililobaki kujulikana." Akamgeukia Kilo. "Likiwa juu ya stendi mlango unafunguka. Hiyo haina maana, hata maiti hukaa vizuri akishikiliwa. Nang'oa mabomba, nalishusha juu ya magurudumu yake, lijibebe. Mlango wa mwalimu ukifunguka, gari linatengenezeka. Ukigoma, mtungi wako wa gesi nitaufungua mimi mwenyewe. Umeridhika?"

"Gari tupu halina kazi," alisema Kilo. "Wanafunzi wana uzito."

"Ndiyo maana utakaa ndani."

"Mimi?"

"Una kilo ngapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, Kilo alikataa kutaja uzito. Lakini aliingia, kupitia mlango wa dereva, akikanyaga pale alipoonyeshwa, akaketi juu ya ubao uliowekwa upande wa kushoto, magoti yakigusa kidevu. Cheche akaanza kung'oa mabomba kwa grenda. Hakuna aliyeweza kuongea juu ya kelele hiyo.

Mama Cheche akasogea kwenye gari. Hakujua kwa nini. Alichuchumaa penye mhimili mpya, ambao haukuwa na rangi bado, na mezani kando yake akaona vipande vya maboksi vilivyokatwa kwa umbo la vile vyuma, kila kimoja na namba, na mistari ya chaki. Chaki ya bluu, bapa. Chaki yake! Wiki nzima alikuwa ameitafuta chini ya cherehani. Kila kipande kilikuwa na ukingo wa ziada wa kukunjia, upana wa kidole kimoja, vilevile anavyoacha yeye kwenye kola. Binti yake alikuwa amelikatia gari patroni, kiolezo cha kukatia, kama gauni.

Akapitisha kidole juu ya mshono wa chuma. Alifumba macho, kama anavyofanya akikagua kazi ya fundi mwingine, maana jicho hudanganywa na rangi, kidole hakidanganywi. Ulikuwa umenyooka. Ulikuwa umelala sawa mwanzo hadi mwisho, hatua kwa hatua, bila donge, bila pengo. Alifika mwisho akarudi mwanzo, akitafuta kosa kwa sababu ndiyo tabia yake, na kidole kikarudi mikono mitupu. Na kiraka hakikushikizwa kwenye kitambaa kilichooza, kosa la wavivu wote duniani. Kilikwenda mpaka kwenye kizima.

Huyu ndiye aliyeshindwa na kifungo.

Grenda ikanyamaza. Mama Cheche akasimama, magoti yakalia, akasema kwa sauti ambayo hata yeye ilimshangaza:

"Kilo, ukishuka humo funga mizani yako uende. Kwa mafuta uliyochoma nitakushonea suruali."

"Mlango haujafunguliwa bado, mama."

"Nimeshaona mshono."

Cheche alimtazama mama yake, akashusha macho haraka, akashika jaki. Akaliteremsha gari pole pole, mbele kisha nyuma, akitoa stendi moja baada ya nyingine. Magurudumu yakagusa ardhi. Springi zikalalamika. Mahali fulani ndani chuma kikatoa mlio mrefu, kriii, na Kilo akashika dari kwa mikono miwili.

"Breki!" alipiga kelele Breki, akiwa amesimama nje, mguu wake wa kulia ukikanyaga mchanga.

Gari likatulia. Mlinzi wa kiwanda alikuwa amejitokeza juu ya ukuta, kikombe mkononi.

"Fungua, mwalimu," alisema Cheche. Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. Mama yake peke yake ndiye aliyejua kwamba sauti hiyo ni woga.

Breki alinyoosha mkono kuelekea kwenye kitasa, kisha akaurudisha mfukoni. "Siwezi. Afungue Mama Cheche. Yeye ndiye aliyeliua, alifufue mwenyewe."

Mama Cheche alipangusa kiganja kwenye kanga. Kitasa kilikuwa cha baridi, kimesagika katikati kwa vidole vya miaka ishirini na mitano, na juu yake kina kutu kidogo ya miaka miwili ambayo hakuna aliyekigusa. Hakukivuta kwa nguvu. Alikivuta kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambamo mtoto wake amelala, na mlango ukasema tak, ukaja wenyewe mpaka mwisho, bila kugusa nguzo popote.